Saa ya sola inayojirekebisha kwa redio: kabla hujampelekea fundi, soma hapa

Kisaa Kimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu namwandikia mtu mmoja tu: yule mwenye saa ya mkono ya dijitali inayokula mwanga, kaamka kakuta kioo kitupu, hakuna hata namba moja, na sasa anaulizia fundi wa kubadilisha betri. Ndugu yangu, usiifungue kwanza.

Ya kwangu ilinifanyia hivyo. Niliivua, nikaitia ndani ya soksi ili isikwaruzike (akili zangu hizo), soksi nikaitia kwenye droo, nikasahau kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Siku naitoa, kimya. Nikabonyeza vitufe vyote vinne, kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kimya vilevile. Nikaitupa dirishani kwa hasira. Kufika jioni napita, naona herufi CHG zinawakawaka kwenye kona. Kumbe saa ilikuwa na njaa tu.

Niliyojifunza baada ya hapo ni haya. Nyuma ya kioo, kuzunguka zile namba, kuna paneli nyembamba ya sola. Inachaji betri ndogo, na saa inaendeshwa na hiyo betri, si na jua moja kwa moja. Ndiyo maana gizani inaendelea. Saa nyingi za aina hii zinaonyesha hali ya betri kwa herufi: H imejaa, M ya kati, L imepungua, halafu CHG, yaani inaomba chaji. Ukiwa H au M kila kitu kinafanya kazi. Ikishuka L inaanza kubana matumizi: taa haiwaki, mlio hausikiki, na redio haipokei. Kwenye CHG inabaki kuhesabu muda tu kimyakimya. Chini ya hapo inazima kabisa na mipangilio yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo ikifufuka usishangae kukuta tarehe ya ajabu. Panga upya mji, panga saa, maisha yaendelee.

Sasa mwanga. Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Kwa saa ya kawaida ya aina hii, chakula cha siku nzima ni dakika 5 tu za jua la nje, jua kali la luksi 50,000 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukiiweka nyuma ya kioo cha dirisha siku ya jua, luksi 10,000, inahitaji dakika 24. Dirishani siku ya mawingu, luksi 5,000, dakika 48. Chini ya taa ya ofisini, luksi 500, ni masaa 8. Piga hesabu: taa ya ofisini inakula muda mara 96 ya jua la nje. Macho yetu hayaoni tofauti hiyo kwa sababu yanajirekebisha yenyewe. Ukiingia ndani baada ya sekunde chache unaona kumeng'aa vizuri tu. Paneli haina huruma hiyo.

Na hizo dakika ni za kuiweka ilipo, isishuke. Ukitaka kuipandisha kutoka CHG hadi H, usihesabu dakika. Ni jua la siku nyingi, kidogo kidogo.

Jambo la mwisho, tafadhali sana: msiikaange. Mtu akisikia "jua" anaiweka juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo, au anaibandika kwenye taa ya balbu ya zamani ile ya waya unaowaka. Joto likizidi nyuzi 50 unaumiza betri na kioo. Ukiona kioo kimekuwa cheusi chote, ni joto. Iondoe, ikipoa kinarudi. Mwanga ndio unaotakiwa, joto ni mgeni asiyealikwa.

Hilo la chaji nimelimaliza. La redio limenishinda. Kila nikijaribu kupokea mawimbi inaniandikia ERR, yaani imeshindwa. Wenye ujuzi, karibuni.

---

Mgeni Njiani

Mkuu asante, umeniokoa. Ila mimi tatizo langu ni tofauti. Yangu haijawahi kufika H tangu niipate. M, M, M. Naivaa kila siku. Nimeilaza dirishani wikiendi mbili, bado M. Betri imechoka?

---

Kisaa Kimya

Mgeni, M si ugonjwa. Ngazi ya M ni pana, unaweza kukaa ndani yake muda mrefu sana bila kushuka wala kupanda. Kwenye M hakuna hata kitu kimoja ulichonyimwa. Swali langu: unavaa mikono mirefu?

---

Mgeni Njiani

Ndiyo. Shati la kazi, na kifungo nafunga. 😅

---

Kisaa Kimya

Basi umejijibu. Saa iko gizani mchana kutwa, usiku iko gizani pia. Kunja mkono ukiwa umekaa, au ivue uiweke mezani uso juu. Ikishuka L ndipo uje tuongee.

---

Antena ya Uani

Nimeona neno redio nikaamka. Ngoja niliseme kwa kirefu, kwa sababu swali la ERR linaulizwa kila mara na majibu yanayotolewa mengi ni ya kubahatisha.

Kwanza, saa hii haiongei na setilaiti, wala intaneti, wala mnara wa simu. Inasikiliza vituo vichache vya redio vilivyo ardhini ambavyo kazi yake ni kutangaza saa, usiku na mchana, kwa mawimbi marefu sana. Saa zinazosifiwa kuwa zinapokea vituo sita zinasikiliza hivi: viwili vya Japani, vyote vinaitwa JJY, kimoja kilohetsi 40 na kingine 60, BPC ya China, 68.5, WWVB ya Marekani, iliyopo Fort Collins, Colorado, 60, MSF ya Uingereza, iliyopo Anthorn, 60, na DCF77 ya Ujerumani, iliyopo Mainflingen karibu na Frankfurt, 77.5. Basi. Nyuma ya kila kimoja kuna saa za atomi zinazokipa muda.

Angalia orodha hiyo tena. Vyote viko kaskazini mwa ikweta. Afrika hakuna, Amerika Kusini hakuna, Australia hakuna. Umbali unaotegemewa ni takriban kilomita 1,000 kutoka vituo vya Japani, 1,500 kutoka vya Ulaya na China, na 3,000 kutoka Fort Collins. Nje ya duara hizo unaweza kubahatisha usiku mmoja mzuri, lakini usijenge nyumba juu ya bahati.

Ujumbe wenyewe unavyotumwa ni kitu cha kupendeza. Chukua DCF77. Kila sekunde inapoanza, nguvu ya mawimbi inashushwa sana kwa kitambo kidogo kisha inarudishwa. Ikishushwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri. Ikishushwa kwa sehemu mbili za kumi, hiyo ni moja. Sekunde ya mwisho ya dakika hawashushi kabisa. Ule ukimya ndio unaosema "dakika mpya inaanza". Kwa mdundo huo wa sifuri na moja, ndani ya dakika moja saa imepewa dakika, saa, siku, mwezi na mwaka. Ni kama mtu anapiga ngoma mlima wa pili na wewe unahesabu.

Sasa unaelewa kwa nini inachukua muda. Tarakimu zinakuja moja kwa sekunde. Mdundo mmoja ukipotea kwa sababu umesogeza mkono au friji imewaka, saa haikubali kubahatisha, inasubiri dakika nyingine. Kwa kawaida ni dakika 2 hadi 7, na ikibidi inaweza kufika 14. Wewe unaiangalia kila baada ya nusu dakika, unaiinua, unaiweka. Hutapata.

Namna ya kuilaza: karibu na dirisha, upande wa namba 12 uelekee nje, mbali na chuma, runinga, kompyuta, na chaja ya simu. Hasa chaja ya simu, hiyo ndiyo adui ninayemkuta kila mara, kwa sababu watu wanalaza saa na simu pamoja kichwani pa kitanda. Isogezwe isiguswe. Saa yenyewe itajaribu kuanzia saa sita usiku, kila baada ya saa moja, hadi alfajiri. Ikifanikiwa mara moja inaacha mpaka kesho. Usiku umechaguliwa makusudi: mchana tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme linayanyonya mawimbi haya, usiku linatoweka na mawimbi yanafika mbali zaidi.

Ukijaribu kwa mkono utaona L1, L2 au L3 kwenye kioo. Hiyo si L ya betri, ni nguvu ya mawimbi. L3 ndiyo nzuri. Ikifaulu inaandika GET. Kisaa Kimya, yako inaonyesha nini kabla ya ERR? Na mji wa nyumbani umeweka upi?

---

Kisaa Kimya

Haionyeshi L yoyote. Mji nimeweka JED, kwa sababu ndio wenye masaa yangu, UTC+3.

---

Antena ya Uani

Hapo hapo. Ukiweka mji ambao hauna kituo, saa haitafuti chochote. Jeddah haimo kwenye eneo la kituo chochote kati ya hivyo sita. Saa haijui ulipo, inajua ulichoiambia. Ukiiambia TYO inatafuta Japani, ukiiambia BER inatafuta Ujerumani na Uingereza, ukiiambia NYC inatafuta Fort Collins.

---

Bi Mshale

Ndugu zangu, mimi limenikuta kinyume chake. Mtu alinishauri niweke LON kisha nisogeze saa kwa mkono ziwe sawa na zangu, ili redio ifanye kazi. Wiki mbili raha mustarehe. Nikapeleka saa safari kaskazini, asubuhi naamka, saa imerudi nyuma. Nikachelewa jambo ambalo silitaji hapa.

---

Antena ya Uani

Pole sana dada. Aliyekushauri alikupa bomu la kutegwa. Redio inaleta muda wa kituo na saa inaugeuza kulingana na mji uliouweka. Ukiwa LON, mara ikipata mawimbi inafuta ulichosogeza kwa mkono na kuweka muda wa London. Na kuna jambo la pili: kwenye miji yenye kituo, saa za kiangazi (ule mtindo wa kusogeza saa mbele kwa saa moja majira ya joto) zikiwekwa AUTO zinaingia na kutoka zenyewe, kwa hiyo hata kama masaa yangelingana kipindi fulani cha mwaka, kipindi kingine yangepishana kwa saa moja. Mji uwe wa kweli, usisogeze.

---

Nusu Dakika

Samahani wakuu, naomba niwe mkorofi kidogo. Haya yote ya nini? Saa ya kwatsi ya kawaida inakosea sekunde 15 kwa mwezi, hapo imekosea sana. Kila mwezi angalia simu, rekebisha, kwisha. Nani humu anakamata treni kwa sekunde?

---

Kisaa Kimya

Nusu Dakika, sikupingi. Sola ndiyo niliyoinunulia. Redio ilikuja nayo kama kofia inayokuja na koti. Lakini ukishajua ipo halafu haifanyi kazi, inakuwasha.

---

Antena ya Uani

Sekunde 15 hizo ni kiwango cha juu, na inaweza kuwa mbele au nyuma. Nyingi ziko chini ya hapo. Kwa hiyo Nusu Dakika ana haki, redio ni anasa. Lakini anasa yenye historia: Junghans, watengeneza saa wa Ujerumani, walitoa MEGA 1 mwaka 1990, saa ya kwanza ya mkono kujirekebisha kwa redio, na antena waliificha ndani ya mkanda kwa sababu haikuenea kwenye saa. Leo antena ni kijiti cha feraiti (kitu cha jamii ya sumaku) kidogo kuliko njiti ya kiberiti kilichojificha pembeni mwa mashine, kinanasa wimbi lenye urefu wa kilomita karibu 4. Mimi hilo peke yake linanitosha kuipenda.

---

Mgeni Njiani

Mwenzenu nauliza swali la kitoto. Mimi saa yangu nimeisogeza masaa sita ili nikiitazama nisome Kiswahili moja kwa moja, ikiandika 1:00 iwe saa moja asubuhi kweli. Kuna ubaya?

---

Antena ya Uani

😂😂 Umenifurahisha. Ubaya upo. Saa inaamini unachoiambia. "Saa sita usiku" yake ndiyo muda wa kuanza kutafuta mawimbi, na kwako hiyo inaangukia saa kumi na mbili, asubuhi au jioni kutegemea ulivyoipanga. Halafu ikipata mawimbi inayafuta yale masaa sita yako. Na usingizi wake nao utavurugika.

---

Mgeni Njiani

Usingizi? Saa inalala?

---

Kisaa Kimya

Inalala, na hili nililisahau kwenye bandiko la kwanza. Kama iko gizani kwa kama saa moja, kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inazima kioo ili ibane chaji, inabaki na alama ya PS. Ndani bado inahesabu na bado inatafuta redio. Ukiisogeza kwenye mwanga au ukibonyeza kitufe inaamka. Ikikaa gizani siku 6 au 7 inalala usingizi mzito zaidi, kila kitu kinasimama isipokuwa kuhesabu muda.

Kuna watu wameamka saa nane usiku wakaona kioo kitupu wakadhani imekufa. Washa taa kwanza.

Tofauti ya usingizi na kifo ndiyo hiyo: iliyolala inaamka papo hapo ikiwa na saa sahihi, iliyokufa inaanza kwa CHG na haijui leo ni lini. Na usingizi unasaidia kweli. GW-M5610U ya Casio, kwa mfano, ikiwa imejaa inatajwa kukaa miezi 10 bila mwanga kwa matumizi ya kawaida, na miezi 22 ikiwa imelala gizani. Yangu ile ya kwenye soksi hata haikuingia droo ikiwa imejaa, ndipo nilipokosea. Ya kuhifadhi ihifadhi ikiwa H, na isiwe kwenye droo. Itundike pahala panapoona mwanga.

---

Fundi wa Koleo

Nimesoma yote kimya kimya. Sasa mniruhusu niseme na wale ambao saa zao zimekaa juani siku nzima tano, sita, na bado hazipandi hata CHG. Hapo kweli betri imechoka. Zinachukua miaka mingi lakini hazidumu milele.

Kosa ninalolikuta: mtu anafungua, anaona betri ya duara ya 1616, anaenda kuchukua CR1616 kwa sababu inafanana umbo na ukubwa. ACHA. CR ni betri ya kutupwa, ya volti 3, haichajiwi. Iliyomo ni CTL1616, ya kuchajiwa, volti 2.3. Ukiweka CR saa itawaka, utafurahi, huku paneli inaisukumia chaji betri isiyotakiwa kuchajiwa. Inaweza kuvimba au kuvuja, na ikivuja imekula mashine. Soma herufi za mwanzo, si tarakimu peke yake.

La pili. Ukishabadilisha, karibu na betri kuna alama ndogo imeandikwa AC. Chukua koleo dogo la chuma, gusa hapo na upande wa chanya wa betri kwa pamoja, sekunde mbili hivi. Usipofanya hivyo saa inaweza kuonyesha takataka au isiwake, ukadhani umenunua betri mbovu. Na ule mpira wa mzunguko unaozuia maji, uutazame kama haujakauka, upake grisi yake, urudi kwenye mfereji wake wote. Nimeona saa iliyopona njaa ikafa maji.

---

Bi Mshale

Fundi, kuna R inayowakawaka kwenye yangu nikitumia taa sana. Nayo ni betri?

---

Fundi wa Koleo

Hapana. Umeichosha kwa muda mfupi, taa, mlio, taa tena. Inajizuia mpaka betri ipate nguvu. Iache ipumzike, R itaondoka yenyewe. Ikija kila siku bila sababu, iongezee mwanga.

---

Kisaa Kimya

Antena, turudi kwangu. Niko nje ya duara zote. Nikubali yaishe?

---

Antena ya Uani

Kuna ujanja mmoja, na ni halali kabisa kisayansi. Kuna programu za simu zinazoiga mdundo wa kituo. Simu haiwezi kutoa kilohetsi 40 kwenye tundu la sauti, mwisho wake ni kama 20 na kidogo. Lakini 40 ukigawa kwa 3 ni 13.3. Simu inatoa sauti ya 13.3 kwa kelele ya juu, sauti inaharibika umbo, na ndani ya uharibifu huo kuna mawimbi ya mara tatu yake, yaani 40 kamili. Saa haisikii sauti, inanasa sumaku ndogo inayotoka kwenye waya wa spika za masikioni.

Fanya hivi. Weka mji TYO. Waya uzungushe saa mara kadhaa, sauti ifike juu kabisa, na usizivae hizo spika masikioni hata kwa mzaha. Anza kupokea kwa mkono, ondoka hapo. Ikiandika GET, rudisha mji JED. Kubadilisha mji kunagusa masaa tu; dakika na sekunde zinabaki zilivyoletwa. Simu yenyewe iwe imepanga muda kwa mtandao, vinginevyo unailisha saa uongo.

---

Nusu Dakika

Yaani mnachukua simu yenye saa sahihi, mnaifanya ijifanye Japani, ili saa ya mkono isomeke kama simu. Endeleeni tu, mimi nipo natazama.

---

Kisaa Kimya

Nimejaribu. Mara ya kwanza ERR, chaja ilikuwa pembeni. Mara ya pili ERR, waya nilizungusha mkanda badala ya saa yenyewe. Mara ya tatu L2, nikatoka chumbani nikafunga mlango kama mtu anayemlaza mtoto. Dakika sita.

GET.

Nimeirudisha JED. Nilikuwa nyuma sekunde 41. Na betri imeandika M, Mgeni Njiani, kwa hiyo tuko wote.